Kondo la Mpwa Wangu

Dada yangu alipokaribia kujifungua, watu wawili wa utafiti walikuja kwetu, mwanamke na mwanamume, fulana sare kama kwaya.

"Twaomba kipande kidogo tu cha kondo la nyuma," yule mwanamke akasema. "Twataka kujua kwa nini watoto wengine huzaliwa kabla ya siku zao."

Dada akajibu yeye hana neno, lakini kondo ni la hawe. Hawe ni bibi yetu, na kwetu hakuna kondo lililozikwa ila kwa mkono wake. Kondo lako likizikwa nyumbani, tembea utakavyo, utarudi tu. Kaka yetu mkubwa alizaliwa hospitali, lake likatupwa huko huko. Sasa yuko Uarabuni, hata simu hapigi.

"La huyu silitoi," hawe akasema. "Nishapoteza mmoja."

Nikadakia: "Hawe, langu si ulilizika hapa nyuma ya jiko? Haya, nitazame. Sijafika hata Kikambala hapo jirani."

"Na wali wangu waula kila siku. Nyamaza!"

Yule mwanamke, maskini, akaanza kueleza: jina la mtoto halitajulikana, hakuna kitakachouzwa, wala hakuna anayelazimishwa. Hawe hakuwa na shida na hayo.

"Hicho kipande mtakiweka wapi?"

"Kwenye friza, bibi. Ofisini kwetu mjini. Kitakaa miaka."

"Ofisi ina kipupwe, ile mashine ya baridi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na nyinyi ndimo mnamofanya kazi?"

"Ndimo."

Hawe akazitazama zile fulana, zimepigwa pasi mpaka zinakata.

"Basi kateni. Litakalobaki nilizike hapa. Asubuhi atavutwa kazini, jioni atavutwa nyumbani."

Habari ikaenea. Wajawazito wa kijiji kizima wakajitolea wenyewe, mmoja akiuliza kama kipande kikubwa chaleta cheo kikubwa. Wale wa utafiti wakaitisha mkutano kutushukuru kwa kuuelewa umuhimu wa sayansi. Hawe akakalishwa mbele, akapigiwa makofi.

Mpwa wangu sasa anatambaa, na hawe haondoi macho kwake. Juzi mtoto alishika njia ya barabarani, upande wa mjini kabisa. Hawe akapiga kigelegele. Mara mtoto akasita, akageuka, akaja moja kwa moja mpaka jikoni nilipokuwa nimekaa na sahani yangu.

"Karibu, mjomba," nikamwambia. "Wali uko tayari."