Nuh na Injini ya Meli

Wanaume wengi wamenichosha katika maisha yangu, lakini Nuh Korane aliwazidi wote. Alikuwa mume wa rafiki yangu Raho, na kwa miaka kumi alituambia kwamba alikuwa fundi wa injini katika meli kubwa. Uongo mtupu. Kaka yangu Aden alisafiri naye meli hiyo hiyo. Nuh alikuwa akipika chai na kuosha vikombe, na hata chai yenyewe ililalamikiwa.

Mwaka 1967 serikali ilikuwa imetukusanya ndani ya seng'enge nje ya Garissa, sisi na mbuzi wetu waliobaki, ili tusiwape shifta, wale waasi wa msituni, chakula. Maji tuliyachota mtoni kwa ruhusa ya askari, asubuhi tu. Kisha likaja tangazo: kuanzia Jumamosi, atakayeonekana kwenye njia ya mto atapigwa risasi. Maji yangeletwa na pampu, na umeme wa pampu ungetoka kwenye injini iliyotengenezwa kwa ajili ya meli, ikaletwa kwa lori kutoka pwani. Wakauliza: nani anajua injini za meli? Nuh akanyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Fundi aliyeileta alikaa siku moja. Aliifunga katika kibanda chini ya tangi la maji, akaiwasha, akamwonyesha Nuh swichi ya pampu na koki ya maji. Raho alikuwa amewapelekea chai, nami nilibeba vikombe. Tulimsikia vizuri sana.

"Injini mpya huzoeshwa kwa kazi," fundi alisema. "Ipashe moto kidogo, halafu leo leo uipe nusu ya mzigo, koki nusu wazi. Kesho uongeze. Usiiache ikinguruma bure, itaharibika tumboni."

"Najua, najua," Nuh akajibu. Fundi akapanda lori akaenda zake.

Siku nne Nuh aliiacha ikinguruma bure. Aliifuta kwa kitambaa, akaziba nyufa za kibanda jua lisiipige, akawafukuza watoto wasiipumulie. Msimamizi wa maji, mtu wa bara aliyeogopa kuchafua soksi zake, alipouliza maji yako wapi, Nuh alimjibu kwa Kiswahili chake cha melini: "Bwana, hii injini iko mtoto bado. Bole bole." Yule mjinga akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye daftari. Moshi ulikuwa umeshageuka wa buluu, na bomba la moshi lilidondosha mafuta meusi kama lami.

Nilijua alichokuwa akikifanya. Maadamu injini haijapewa kazi, Nuh ni fundi, na askari humwamkia. Ikipewa kazi ikashindwa, ni mpika chai. Aliogopa, basi. Na kwa woga wake sisi tungekufa kiu.

Usiku wa Alhamisi Raho alimwambia mbele yangu: "Baba Shamso, yule mtu alisema uipe mzigo."

"Wewe unajua nini kuhusu mashine?"

"Sijui mashine. Ngamia namjua."

Nuh akacheka. Angecheka kidogo zaidi ningemmwagia uji. Tangu utotoni Raho ndiye aliyekuwa akiwapakia ngamia wa mizigo kila familia ilipohama. Mikeka, miti ya nyumba, vyombo vya maji, yote kwa mikono yake. Alijua kwamba ngamia mchanga humwachi atembee mtupu msimu mzima eti unamhurumia. Unamfunga mkeka, siku hiyo hiyo unamwongezea vyombo vitupu, halafu vyenye maji nusu. Ukimwachia atembee bure atakataa mzigo maisha yake yote, na atakuuma.

Ijumaa adhuhuri Nuh alienda kuswali, injini akaiacha ikinguruma kama kawaida yake. Raho aliweka mtungi wake chini, akaingia kibandani. Nilimfuata. Alifungua koki nusu, akasema bismillahi, akabonyeza swichi.

Injini iliguna. Sakafu ikatikisika, moshi mweusi ukajaa, nikapiga kelele azime. Hakuzima. Alisimama karibu nayo mkono kiunoni, kama alivyokuwa akisimama kando ya ngamia anayelia, akingoja kilio kiishe. Kikaisha. Mngurumo ukawa mzito na wa sawasawa, moshi ukapungua, na tukasikia maji yakigonga ndani ya tangi kule juu. Alingoja kitambo kirefu, ndipo akafungua koki yote.

Wanawake walikuja mbio na madebe. Nuh naye akaja mbio kutoka msikitini, kofia mkononi, uso umemvimba.

"Utaiua injini ya serikali!" akapiga kelele. "Ikifa utasema nini?"

Raho alikuwa akijifuta masizi kwa ncha ya vazi lake la guntino. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Injini ikifa, serikali italeta nyingine," alisema. "Mimi nikifa njiani kesho na mtungi mgongoni, Shamso ataletewa mama mwingine?"

Nuh aliangalia maji, akaangalia wanawake. Kisha akaokota mtungi wa mkewe na kwenda kusimama mwisho wa foleni.