Mtawa Aliyemfungia Guanyin Mlango

Jamani, mlango wa hekalu letu la Guanyin, mungu mke wa huruma, haukuwahi kufungwa mchana. Wiki ile ukapigwa kufuli.

Nikagonga. Jingkong, mtawa mgeni aliyekabidhiwa hekalu mwaka huo huo, akatoa kichwa tu.

"Guanyin anapumzika."

"Anapumzika? Sanamu ya jiwe, kakaa miaka elfu, leo ndo kachoka?"

Akafunga. Nikaona kucha zake zina wekundu. Nikahisi ni rangi ya sanamu, kaishika huyu.

Kule kwetu China, milimani Sichuan, vichwa vya sanamu vinaibwa sana. Na wiki ile ile wataalamu wa mambo ya kale walikuwa wanakuja kumkagua Guanyin wetu. Wakimpitisha kuwa urithi wa kale, barabara inajengwa, watalii wanakuja, mimi na mke wangu Qiulan tunauza tambi getini. Wasipompitisha, narudi kiwandani Guangdong, namwacha mwanangu angali ananyonya.

Nikamwambia mama, "Huyo mtawa ana lake jambo."

"Wewe Shuihe, kwako kila mtu mwizi!" Akabeba kikapu chake, akaaga kwamba anaenda kucheza majong, ule mchezo wa vigae, na wenzake. Siku hizo alikuwa anaondoka asubuhi, anarudi jioni.

Nikaendelea kumlia mtawa mingo. Siku moja nikamwona anaingiza ngazi. Ngazi ya nini, kama si kuifikia shingo? Nikakausha, nikawasubiri wataalamu.

Walipofika, nikamvaa kiongozi wao, Daktari Yan, hata hajashuka vizuri kwenye gari.

"Daktari, huyu mtawa mwizi! Mwambie afungue!"

Jingkong akanivuta mkono. "Shuihe ndugu yangu, nakuomba, tuongee kwanza pembeni."

"Pembeni nini? Fungua!"

Akafungua.

Kichwa kilikuwepo. Ila nywele bluu, mashavu ya waridi, midomo myekundu kama ya bibi harusi. Vazi lote la jiwe, lililokuwa na mabaki ya rangi ya mababu, sasa kijani cha kung'aa, hata hakijakauka.

Na juu ya ngazi, brashi mkononi, mama yangu mzazi.

"Aah, mmewahi! Nilitaka kuwashtukiza." Anacheka. "Nilimwahidi Guanyin, Qiulan akijaliwa mtoto nitamvalisha upya. Halafu wageni wanakuja, wamkute kachakaa vile? Aibu gani hiyo!"

"Nilimkataza," mtawa akanong'ona. "Akaniambia alianza kumfukizia ubani huyu kabla mimi sijazaliwa. Ningemfanya nini?"

Daktari Yan akaisogelea sanamu, akaitazama muda mrefu. Kisha akaenda kukaa kizingitini, akavua miwani.

"Tukiitoa rangi hii," akasema, "inatoka na ile ya kale."

Hawakumpitisha.

Naandika haya nikiwa bwenini, kiwandani Guangdong. Mwanangu kaanza kutambaa, nimemwona kwenye simu. Inaniuma sana. Mama bado anauliza mbona watalii hawaji, na Guanyin kapendeza vile.

Ndugu zangu, kijiji kizima tulikuwa tunajisifu kwamba ukale wa Guanyin ndiyo mali yetu. Wale bibi wanaomwomba kila siku, hakuna hata mmoja wetu aliyewaambia hilo. Kama kwenu kuna kitu cha kale, msihangaike na wezi tu. Kaeni kwanza na wanaokipenda.