Shimo la Mgombani

Juzi mjukuu wangu alikuwa anachimba shimo la mgomba hapa kwetu Shirimatunda. Nikasikia ile harufu ya udongo mbichi na samadi, ikabidi nikae chini kwanza.

Nilikuwa mdogo, kule Kilema, mchana ule mama aliporudi kutoka hospitali amembeba mdogo wangu, kamfunika kanga mpaka kichwani. Mie nikajua amelala. Nyuma ya nyumba baba alikuwa anachimba shimo katikati ya migomba. Nikafurahi, maana kwetu shimo ni la mgomba tu. Nikakimbia zizini, nikajaza kikapu samadi, nikajitwisha.

“Baba, mbolea hii hapa. Mgomba wenyewe uko wapi?”

Baba akaegemea jembe, akaniangalia. “Asante, mama. Hapa hapahitaji mbolea. Uwekee ule wa pembeni.”

Nikauwekea, nikashindilia kwa miguu, huku nashangaa mama analia nini na shimo zuri vile.

Walimzika mdogo wangu pale. Ule mgomba wa pembeni ulinenepa, ukazaa mkungu mzito mpaka tukautegemeza kwa mti. Majirani waliusifia sana. Mama alikata ndizi shamba zima, ule hakuugusa.