Magauni ya Mama wa Chini

Mwanangu wa kiume alijifunza kusimama bila kutikisika akiwa ndani ya gauni. Nilimpandisha juu ya kigoda barazani, nikamvalisha, nikamzungusha huku nina pini mdomoni, naye analia kwamba watu watamwona. Kweli watu walimwona. Jirani yangu, mama mmoja wa Kigoma aliyekaa nyumba ya pili katika kambi yetu, alipita na ndoo ya maji akacheka mpaka akaitua ndoo chini.

"Mwenzangu, huyu mwari unamtoa lini?"

Nikamwambia achukue ndoo yake aende, mimi nina kazi.

Sikuwa nimechanganyikiwa. Gauni lilikuwa la dada yake, na dada yake hakuwepo. Alikuwa mlimani, Kirua Vunjo, kwa mama mkwe wangu, na mimi nilikuwa huku chini, kwenye kambi ya mashamba ya miwa, na cherehani yangu ya mkono na hamu yangu ya kumshonea. Mwili wa kumpimia sikuwa nao. Nikauazima wa mdogo wake, ambaye alikuwa na umbo kubwa, nikawa naongeza kidogo urefu kwa kukisia.

Alipelekwa kule kwa sababu ya degedege. Homa za huku tambarare mnazijua. Alikuwa ndiyo kwanza ana maneno mawili matatu, degedege likamshika, likaachia, likamshika tena, na daktari wa hospitali akatuambia kama tuna watu mlimani tumpeleke kwenye baridi mpaka apate nguvu. Nguvu akapata. Kurudi ndiyo ikawa shughuli. Nikitaja kumchukua, mara mvua, mara kahawa inachumwa, mara mtoto ana kikohozi, mara bibi mwenyewe miguu inamsumbua, nani atamwashia moto. Mama mkwe alikuwa mjane, na kwa desturi ya kwao nyumba ya bibi haikai bila mjukuu wa kutumwa kiberiti na wa kulala naye. Mimi ni mtu wa Singida. Na kwetu pia bibi hupewa mjukuu, lakini kwanza anaomba. Mimi hakuna aliyeniomba, na hilo lilinikaa kooni miaka yote ile.

Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: kabla hajaanza darasa la kwanza, arudi alale nyumbani kwangu. Mpaka hapo nilijiambia kwamba maadamu anavaa mshono wangu, bado ni wangu. Kwa hiyo nilishona. Siwezi kukaa bure hata hivyo, mume wangu husema akinikuta nimekaa kitako huuliza ninaumwa nini. Nilishona uji ukiwa jikoni, nikainuka kuukoroga, nikarudi, nikafumua nilichoshona kwa sababu shingo haikunipendeza, nikashona tena, uji ukaungua.

Miaka hiyo vitambaa vilikuwa vimerudi madukani. Kabla ya hapo ulipanga foleni ukashona ulichopewa, hata kama ni kaki ya suruali. Sasa ukienda Moshi mjini unachagua mpaka macho yanauma. Na mitumba nayo ilimwagwa kila soko, mume wangu akawa ananiuliza najitesa kwa lipi. Nikamwambia mtumba umeshonwa na mama wa mtoto mwingine. Yeye hunyamaza, mimi husema, ndivyo tulivyogawana.

Nilichagua poplini nyepesi, yenye maua. Nilikata mikono mifupi au nikaiacha kabisa, shingo nikaifanya pana, kwa sababu huku kwetu mtoto akivaa nguo nzito anatoka vipele mgongo mzima.

Kabla ya Pasaka mwaka mmoja nikaona niache kukisia. Mume wangu alipopanda kumsalimia mama yake nikamwagiza vipimo vya mtoto. Akarudi na ukamba wa mgomba uliofungwa mafundo: hapa mabega, hapa kifua, hapa urefu. Nikaulaza juu ya futikamba. Kifua kilikuwa cha binti mkubwa, wa kubebeshwa mtungi.

"Mama yako kampima mtoto au kampima ndama?"

"Shona kama alivyosema," akasema.

"Fundi ni mimi."

Ule ukamba nikafungia mchicha. Nikamwita mdogo mtu, nikampandisha kwenye kigoda, nikashona gauni la njano lenye marinda na mkanda wa kufunga nyuma, kifua kikimkaa yeye vizuri kabisa. Lilitoka gauni ambalo hata mama wa Kigoma aliacha kucheka akaligeuza ndani nje kuangalia mishono. Nikalituma mlimani, na wiki baada ya sikukuu nikapanda mwenyewe nikaone lilivyomkaa.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jiko anamenya ndizi za mtori. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanipa kigoda, na kabla sijakikalia nikamwona mtoto anatokea kihambani, kwenye migomba ya nyuma ya nyumba, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alivaa lile gauni la njano. Ndani yake alivaa sweta la mtumba la kahawia, zito, na kwa kuwa sweta lilikuwa pana kuliko gauni, makwapa yalikuwa yamepasuka pande zote mbili na mkanda wa nyuma haukufika kufungwa. Sikuweza kukaa.

"Mama, hili nilishona la Pasaka. Ndilo linakatiwa majani?"

"Pasaka alilivaa," akasema, mkono hauachi kumenya. "Alilivaa hivyo hivyo, kanisani, juu ya sweta. Ulitaka alivae peke yake na baridi hii?"

"Lingemtosha bila sweta."

"Ukamba nilikupelekea. Nilimpima na sweta lake. Huku hatulivui."

Nikajibu lisilohusika. Nikamwambia uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Aliweka kisu chini akanitazama, bila hasira, na afadhali angekasirika.

"Kweli. Na kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana." Halafu akaendelea taratibu, kama anayenielekeza njia. "Magauni yako ni mazuri, mwanangu, wote wanayasifu. Lakini unamshonea mtoto wa kule chini. Huyu ni wa huku. Mshonee gauni la baridi, lenye bitana, mikono ifike hapa." Akagusa kifundo cha mkono wake.

Mtoto akatua majani, akafuta mikono, akaja kuniamkia kwa adabu zote. "Shikamoo, mama wa chini." Ndivyo alivyoniita. Mama bila nyongeza alikuwa ni yule mwenye kisu.

Nikashuka siku ile ile, sikungoja hata mtori uive. Na gauni la baridi sikushona. Nilikwenda mjini nikaishika flana, nikaiacha, nikarudi na poplini. Mume wangu akaniambia nguo ni nguo, shona mtoto apate joto. Kwake nguo ni nguo. Mimi nilijua kabisa kwamba siku nitakayomtilia bitana nitakuwa nimesema kwa mikono yangu mwenyewe kwamba kwao ni kule. Niliamka na hilo, nikafua nalo, nikagombana nalo na kila mtu pale kambini, hata muuza mkaa.

Mwaka ulipokaribia kwisha, kahawa imeshachumwa na shule ikiwa inasubiri Januari, nilimsumbua mume wangu mpaka akaenda kumchukua. Bibi yake hakubisha. Alimfungashia ndizi na maziwa mgando, akamsindikiza mpaka njiani.

Alifika amevaa sweta, jasho linamtiririka, hataki kulivua. Nikamvua. Nikamvalisha gauni moja, likamkaa kama nilivyoota. Nikamvalisha jingine. Mdogo wake alishangilia kuliko wote, maana zamu yake ya kigoda ilikuwa imekwisha. Nikajiona nimeshinda.

Hakuwa mtoto wa kulia kwa sauti. Alikaa kizingitini. Maji ya kwetu yana magadi, akanywa akakunja uso bila kusema. Nikampikia mtori, akala, akashukuru, akasema ni mzuri lakini si mtori. Usiku alizungumza Kichagga usingizini na mimi sikujua hata neno moja, nikabaki nimekaa kitandani namsikiliza mtoto niliyemzaa kama redio ya nchi nyingine. Vipele vikamtoka mgongoni. Mimi nikawa situlii: nampaka poda, namwogesha, nafagia palipofagiwa, narudi kwenye cherehani. Kila nilipokosa la kumwambia nilimshonea gauni. Akawa na magauni mengi kuliko siku za wiki, na yote aliyapokea kwa mikono miwili kama mgeni anayepewa chai.

Halafu homa ikaja. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati nikikimbia, ingawa alikuwa mkubwa, miguu yake inanigonga mapajani. Degedege halikuja, Mungu alinihurumia. Alikunywa vidonge vichungu bila kubembelezwa, na ilipompungua akafungua macho.

"Mama wa chini, nikipona nitakwenda nyumbani?"

"Hapa ndipo nyumbani."

Akafikiri. Alilelewa vizuri yule mtoto, hakutaka kunivunjia heshima. "Ndiyo," akasema. "Lakini nyumbani kule."

Nilitoka nje nikakasirika. Nilimkasirikia mama mkwe, nikawakasirikia mbu, nikaikasirikia miwa na kiwanda cha sukari na yule daktari wa hospitali. Nikamkasirikia mume wangu, ambaye nilipomuuliza tufanyeje alisema, "Amua wewe." Miaka yote nilitaka nipewe uamuzi ule, na nikapewa siku ambayo sikuutaka. Nililia mbele ya mama wa Kigoma, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Kesho yake nikaenda Moshi mjini. Nilinunua kitambaa kizito cha bluu na flana ya bitana, na nilipokuwa narudi nilitembea haraka kama mtu anayefukuzwa, maana ningesimama ningegeuka. Nyumbani nikamvalisha mtoto lile sweta, mchana, jua la utosi, nikampandisha kwenye kigoda, nikampima juu yake. Alinyoosha mikono yote miwili akatulia. Tangu alipokuwa mdogo sikuwa nimewahi kumpima yeye mwenyewe. Ana mabega ya kwetu, sikujua. Nikapitisha futikamba mgongoni, kifuani, begani mpaka kwenye kifundo, nikarudia, ingawa namba nilikuwa nazo tayari.

Nilikata nikiacha akiba kubwa, kwenye mikono na kwenye pindo. Nilipomjaribishia, mikono ilimfunika vidole vyote.

"Mbona ndefu?"

"Nitaikunja kwa ndani. Ukikua bibi atafumua uzi, itarefuka."

"Nikiwa darasa la kwanza?"

"La pili. Hata la tatu, pindo likitosha."

Aliyatazama mapindo, akanitazama mimi.

"Nikiwa kule?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa kwanza, zote, nikazichomeka kwenye kitambaa, ili nisitafune neno.

"Ukiwa kule."

Akanikumbatia, na sweta lake na gauni lake na jasho lake, akanibana shingo kwa nguvu. Tangu ashuke hakuwa amenigusa kwa hiari yake.