Namba Tuliyoambiwa Tuifute

Onyo liliingia Jumatatu asubuhi: siku saba, la sivyo programu yetu inaondolewa kwenye duka la programu za simu. Nililisoma mara tatu nimesimama jikoni, uji ukafurika, sikujali.

Programu yenyewe hufundisha lugha ya ishara. Niliitengeneza mimi, lakini mwalimu ni jirani yangu hapa Bombolulu, fundi wa shanga, kiziwi tangu utotoni. Mikono inayoonekana kwenye video ni yake. Wanafunzi wetu wengi ni kina mama wenye watoto viziwi.

Kosa letu? Tuliandika ndani ya programu namba ya kulipia kwa simu. Wallahi, Mombasa hii nani hana namba mlangoni? Muuza mahamri anayo, kinyozi anayo. Kumbe duka lataka malipo yapitie kwao, kwa kadi ya benki, wakate karibu thuluthi. Mama wa Mtongwe kadi ataitoa wapi?

Alhamisi serikali ilikusanya maoni ya wananchi kuhusu biashara za mtandaoni, ukumbini Kisauni. Nikapewa dakika mbili. Nikasema hawa wenye duka walazimishwe kuturuhusu tulipwe tunavyolipana siku zote.

"Na matapeli nao wakiweka namba zao?" afisa akauliza.

Nilikasirika, maana swali lilikuwa la haki.

"Basi wekeni sheria ya kuwazuia matapeli, si ya kutunyonga sisi!"

"Tumeandika, mama. Sheria huchukua muda."

"Mimi nina siku tatu!"

Watu wakacheka. Nikarudi nyumbani.

Jirani yangu hakutaka maneno mengi. Kwa mikono akaniambia, ifute namba hiyo. Nikakataa: nilipwe kazi yangu na yeye alipwe yake. Akanipiga kofi mkononi, kweli kweli. Masomo yakiondolewa, akasema, wale watoto wataongea na nani? Mwenye nguvu mpishe. Jumapili adhuhuri nikaifuta namba, nikilia kwa hasira.

Alasiri ujumbe ukaingia ndani ya programu, kutoka kwa mama mmoja wa Likoni: "Shikamoo mwalimu. Leo mwanangu ameniomba maji kwa ishara, mara ya kwanza. Nataka kulipia somo la pili. Mbona namba siioni?"

Jirani akanigusa bega, kuuliza mama anasemaje. Nikamfasiria. Akajifunika uso kwa mikono, shanga zikiwa bado vidoleni.

Namba ninayo kichwani. Kuiandika pale ni kosa lile lile. Nikaandika, "Marahaba, mwanangu," nikakwama hapo.