Pigo la Tatu Huchelewa

Shule sikufika mbali, lakini ngoma naijua. Siku ile, nyumbani kwetu Hyattsville, huku Marekani, kompyuta ilinitia hasira mpaka maziwa yakafurika jikoni, nikayaacha yafurike.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, hutengeneza midundo. Anaiweza kazi yake, wala sioni haya kumsifu. Dada yake alikuwa anaolewa, naye ndiye aliyepewa muziki wa kicheni pati. Akaniomba nipige ngoma tuliyokuwa tukimchezea mwali kwetu Uzaramoni. Nikageuza ndoo ya plastiki, nikapiga, akarekodi.

Kesho yake akaniita nisikilize. Kwenye kioo cha kompyuta nikaona mistari ya vijumba, na kila pigo langu limefungiwa kwenye kijumba chake kama kuku. Nikajifunga khanga nijaribu. Nashuka, pigo limeshapita! Nikabaki katikati, magoti yamekunjika, kama mtu aliyevutiwa kiti.

Katika ngoma ile pigo la tatu huchelewa. Mwali hushuka nalo taratibu mpaka chini, na hapo ndipo mawifi wanapokodoa macho. Lisipomngoja, watasema hakufundwa. Na aliyemfunda ni mimi.

"Nani kaiharibu?"

"Haijaharibika, Bibi. Ulikuwa unachelewa, programu imekunyoosha."

"Nani kakwambia nimepinda?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Akafungua programu nyingine, hii ya kugonga kwa vidole kwenye vibao vya mpira, kila kibao na sauti ya ndoo yangu. Nikagonga mwenyewe. Haya, hii ilikubali kungoja. Lakini niguse kidogo, nipige kwa nguvu, sauti ni ileile moja, kama polisi anagonga mlango! Ndoo yangu ilikuwa inanong'ona, halafu inafoka. Huyu anafoka tu.

"Ya kwanza haina subira, ya pili haina adabu," nikamwambia. "Na wewe ndiye uliyewaleta."

"Bibi, watu wa huku hawatajua tofauti!"

"Mawifi wanatoka huku? Mke mwenzangu, usinitanie. Ama irudi kama nilivyoipiga, ama ufute mapigo ya mkono wangu humo ndani."

Akanuna. Akasema maneno ya Kiingereza ambayo ni heri sikuyaelewa. Kisha akarudi kwenye ile ya vijumba, akaondoa kule kunyoosha, akalaza rekodi yangu nzima bila kuikatakata. Sasa ngoma zake za kompyuta ndizo zikawa zinagombana na ndoo. Ikabidi azisogeze mojamoja zinifuate.

"Wewe cheza, mimi nitazame kiuno," akasema, bado amenuna.

Nikacheza. "Bado! Bado! Unanikimbiza, mtoto!"

"Sasa?"

"Umelala sasa! Rudi nyuma kidogo!"

Tukapigiana kelele hivyo mpaka bibi harusi mwenyewe akashuka kutoka juu, skafu kichwani, akiuliza nani anapigwa. Mdogo wake akarudisha ngoma mwanzo.

Bibi harusi akasikiliza. Akaweka mikono kiunoni, akaanza kushuka kama nilivyomfundisha, bila haraka, shingo imetulia. Pigo la tatu likamngoja. Akafika chini, ndipo likalia.

"Usiguse tena," nikamwambia yule wa kompyuta.

"Siigusi, Bibi."

"Na mkono wako utoe hapo kwenye vitufe."

Akautoa.