Tuta la Wifi Yangu

Ko. Ko. Ko. Halafu kimya kidogo, kama mtu anayemeza mate, kisha tena: ko, ko, ko.

Hata leo nikisikia nyundo ikigonga msumari kwenye mbao mbichi, nahesabu mapigo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mpunga umeshavunwa, baridi ya Julai bado imekaa uani. Nilikuwa nimelala nikiota niko sokoni, chini ya mwavuli wa kijani, wateja wamenizunguka wananiita, "Dada wa mboga! Dada wa mboga!" Mlio ule ukaniamsha, na kabla sijatoka nje nikajua kwamba anayegonga si kaka yangu. Kaka hupiga mara kumi, anaupinda msumari, anaulaumu msumari, anaanza upya. Huyu alipiga mara tatu tu, msumari ukazama.

Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, ana wiki tatu tu kwetu. Na alikuwa anajenga tuta langu.

Nasema langu, ngoja nieleze. Nyumba yetu hapa Ifakara iko upande wa chini, ule ambao masika maji yanaingia uani bila hodi na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mboga zote zinaoza mizizi. Kuanzia Machi tunakula dagaa na maharage mpaka mdomo unachoka, na anayetaka kitu cha kijani anasubiri vikapu kutoka Sanje, kule chini ya milima ambako maji hayatuami. Mimi niliishia kidato cha pili. Tangu hapo bustani ya nyumbani ilikuwa kazi yangu, na kwa miaka miwili nilikuwa nimechora kwenye kurasa za mwisho za daftari langu la Jiografia tuta la kuinua: boksi refu la mbao lisilo na sakafu, limejazwa udongo mzuri mpaka magotini, mboga zimekaa juu na maji yanapita chini kwa heshima zake. Niliona kwenye simu, video ya watu wa mbali. Nikachora hata vijitone vya maji. Nikachora mwavuli wa kijani. Kujenga sasa, hapo ndipo nilikuwa sijafika.

Na aliyemwambia wifi ni mimi mwenyewe. Wiki yake ya kwanza tulikaa kwenye mkeka tunachambua mchele, nikamwonyesha daftari. Nilimpenda sana wiki ile, naapa. Akageuza daftari huku na huku akasema, "Mbona rahisi, wifi. Kwa nini hujajenga?"

"Nitajenga."

"Lini?"

"Nikipata mbao."

Akacheka, akasema mbao si za kupata, ni za kwenda kuchukua. Basi akaenda. Kwenye mashine ya mbao wanarundika mabanzi ya mitiki, yale maganda ya nje ya gogo ambayo hayana kazi, akaongea nao, akamtuma mumewe na bodaboda. Miaka miwili mimi nachora, yeye wiki mbili amemaliza.

Aliponiona mlangoni akainua nyundo. "Wifi, umeamka! Njoo unishikie huku, linacheza."

"Kichwa kinaniuma," nikasema, nikarudi ndani.

Kichwa hakikuwa kinauma. Nililala nasikiliza ko ko ko, kila msumari naupokea mimi.

Jirani yetu, mama mmoja mtu mzima ambaye hajawahi kupita kwetu bila neno, alisimama kwenye uzio. "Hee! Jamani mnamzika nani? Mbona jeneza halina mfuniko?"

"Shikamoo mama," wifi akamjibu, hakuacha kazi. "Tunazika njaa ya masika."

Jirani alicheka mpaka akashika uzio. Mama yangu naye akacheka, jikoni, kile kicheko chake cha kutoka tumboni ambacho nilidhani ni mimi tu ninayeijua njia yake. Nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, siwezi kusema uongo. Udongo wetu ni mweusi wa mfinyanzi, ukilowa unashika miguu, ukikauka unapasuka kama kisigino. Chini kabisa alilaza vipande vya mgomba ili vitunze maji. Juu yake akachanganya udongo wetu na mchanga wa mtoni, na samadi ya ng'ombe aliyoomba kwa wafugaji, na pumba za mpunga alizozichoma kwanza mpaka zikawa nyeusi kama baruti. Pembeni akachomeka mchaichai, na kona moja akaacha kwa ajili ya giligilani na mnanaa. Katikati akaacha wazi.

Katikati ile ndiyo iliyoniua.

Mama ana mbegu za mnafu ambazo bibi alikuja nazo kutoka Mahenge, zimefungwa kwenye pindo la khanga. Mnafu huu si wa sokoni. Majani yake mapana, uchungu wake ni mdogo, unaishia kwenye ulimi kama mzaha. Kila mwaka vile vitunda vyeusi vinakamuliwa, mbegu zinaoshwa, zinasuguliwa na majivu, zinafungwa kwenye kitambaa na kuning'inizwa juu ya jiko ili zipate moshi. Hakuna anayegusa kile kitambaa. Tangu nilipoacha shule, Mama alikuwa akikishusha ananipa mimi, mimi tu, na kila mwaka maneno ni yaleyale: "Shika. Mikono yako inaotesha."

Nilifeli hesabu, nilifeli Kiingereza, lakini mikono yangu inaotesha. Hilo ndilo nililokuwa nalo.

Jioni ya Jumapili Mama alikishusha kitambaa. Nilikuwa nimekaa pale pale, nimeshanyoosha mkono. Akanipita. Akaenda mpaka kwenye tuta, wifi amechuchumaa anasawazisha udongo, akasema, "Shika mwanangu. Mikono yako naona inaotesha."

Mwanangu!

Nikasikia sauti yangu inasema, nyembamba kama ya mbu, "Na mimi Mama? Na mimi najenga la kwangu."

Mama akanitazama. Nadhani hakuwa ameona ubaya wowote mpaka pale. Akafungua kitambaa, akagawa mbegu mara mbili. "Haya, gawaneni. Ila ndizo zote hizo. Msinipotezee mbegu ya mama yangu."

Asubuhi yake nilianza kujenga. Nilichukua mabanzi yaliyobaki, nikagonga mwenyewe, nikajigonga kidole mara mbili, nikasema sijaumia. Tuta langu lilikaa upande kama mtu mwenye shati la kuazima, lakini lilisimama. Kulijaza sasa, ndiyo kazi. Mchanga wa mtoni sikuwa na wa kunibebea na sikutaka kuomba. Lakini bandani kulikuwa na viroba vya mapepe, yale makapi na punje tupu zinazopeperuka wakati wa kupeta mpunga. Meupe, mepesi, yanajaza haraka. Nikaanza kuyamwaga.

Wifi akaja amebeba ndoo. Akachota mapepe kwenye kiganja, akayachezesha, akapuliza. "Wifi, haya yachome kwanza. Yana punje nzima ndani."

Mpunga ule niliupeta mimi.

Ndiyo, napeta vibaya, najua. Naangalia mawingu, naimba, upepo ukigeuka mimi sijageuka. Mwaka ule Mama alishanisema kwamba nusu ya chakula nimewapa kuku. Sasa mtu wa wiki tatu ananionyesha punje zangu kwenye kiganja chake! Sikusikia ushauri, nilisikia tusi.

"Kwenu Sanje ndiyo mnachoma kila kitu," nikamwambia. "Huku kwetu hatuchomi."

Akayarudisha mapepe kwenye kiroba. "Haya, wifi," akasema, akachukua ndoo yake.

Nilichanganya mapepe na samadi na udongo, nikapanda mbegu zangu zote kwa siku moja. Sikubakiza hata punje. Nikamwagilia asubuhi na jioni, nikiwa najipitisha mbele yake na ndoo kichwani, natembea kama bibi harusi.

Siku ya sita tuta langu likaota kote, kijani, wima, sawasawa. La wifi bado tupu. Nilipiga kelele uani, "Mama! Njoo uone! Mama!" Nikamwita na jirani. Nikamwita na wifi, tena kwa sauti tamu, "Wifiii, hebu njoo."

Jirani ndiye aliyeinama wa kwanza. Akalichuma jani moja, akalivuta kati ya vidole, akanitazama kwa huruma iliyokuwa inapigana na kicheko, kicheko kikashinda.

"Mwanangu, huu mnafu wako utautwanga kwenye kinu?"

Ulikuwa mpunga. Tuta zima. Mapepe yangu yalikuwa yamejaa punje, zikapata maji na samadi, zikafanya kile ambacho mpunga wa Kilombero unajua kufanya. Kwa wiki mbili kila aliyepita aliletwa kuona. "Wengine wanalima bondeni, huyu kalima kitandani." "Ukivuna utuite tuje na mundu." Kaka yangu aliuliza kama nahitaji trekta. Mimi pia nilicheka, maana mimi ni mtu wa kucheka, nilicheka mpaka nikaenda nyuma ya choo na huko nikalia vizuri.

Wifi hakucheka. Ningempenda zaidi kama angecheka. Alikuja jioni akaanza kung'oa mpunga kimya kimya, akitafuta kama kuna mnafu chini, nikamwambia aache. Mnafu wangu kama uliota, ulisongwa. Wa kwake ukatoka siku ya kumi na moja, majani mawili mawili, kama masikio ya panya.

Mama hakunigombeza. Msimu ulipoisha walikamua vitunda wao wawili, wakasugua na majivu, na kitambaa kikarudi juu ya jiko. Wifi ndiye aliyepanda kigoda kukining'iniza. Ni mrefu kuliko mimi, ndiyo maana, nilijiambia. Nilijiambia hivyo mara nyingi.

Tuta langu niliacha mbuzi wa jirani wale mpunga, likabaki limesimama tupu, limeinama upande wake.

Mwezi wa tatu mvua zikaja. Wifi alikuwa mzito, siku zake zimekaribia, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Asubuhi ya kwenda Sanje alinikuta jikoni. Akanipa kifundo kidogo cha kitambaa cha kitenge, mbegu kidogo tu, za kushika kwa vidole vitatu.

"Nilimwomba Mama. Zako hizi, wifi. Nusu yako."

"Weka hapo dirishani," nikasema. Sikugeuka, nilikuwa nakoroga uji. Uji ulikuwa umeshaiva zamani.

Akaweka. Akasema, "Nitunzie na tuta, nimeshalipanda upya." Akaenda, kaka akiendesha bodaboda polepole kama amebeba mayai.

Maji yakaingia uani kama kawaida yake. Yakapita chini ya mabanzi ya wifi, na juu yake mnafu umesimama pakavu, giligilani inanukia mpaka barabarani. Kila jioni nilichuma mimi, napika mimi, na Mama anakula anasema, "Mungu ambariki mke wa mwanangu. Masika haya tunakula kama watu wa mlimani." Jirani naye alikuja na bakuli. "Huyu binti mmemtoa wapi? Hakubaki mdogo wake huko?" Kaka akipiga simu, Mama anauliza habari za wifi kabla ya kuuliza za kaka. Nilikuwa nachuma majani yale na kuyatazama, yale yale mapana ya bibi yangu, bibi aliyenibeba mimi mgongoni, si yeye. Na yanamtii yeye. Siku moja niliyachuma kwa hasira nikang'oa shina zima na mzizi. Nikalitazama mkononi. Nikalirudisha haraka nikalikandamiza udongo, nikalimwagia maji, nikaliomba msamaha kwa sauti kama mwendawazimu. Likanyauka siku mbili, la tatu likainuka.

Kile kifundo kilikuwa bado dirishani. Moshi umekifanya cha kahawia. Nilikuwa nakipita kila siku kama mtu ninayemdai salamu.

Jumapili moja jua lilitoka. Jana yake simu ilikuwa imekuja kwamba wifi amejifungua, mtoto wa kike, wote wazima, na Mama alikuwa amevaa tangu alfajiri kwenda kanisani kushukuru. "Twende," akaniambia.

"Kichwa kinaniuma."

Akanitazama kidogo. Akaenda.

Nikaingia bandani. Kiroba cha mwisho cha mapepe kilikuwa kwenye kona, kikavu. Nikakiburuta mpaka kwenye kile kilima kidogo cha uani ambacho maji hayakufika, nikatengeneza lundo, nikawasha. Mapepe hayawaki kwa moto, yanaungua ndani kwa ndani, moshi tu mweupe, na unatakiwa uyageuze kwa mti yasije yakawa majivu. Wifi alifanya hivyo siku ile mimi nikiwa chini ya shuka. Nilikuwa nachungulia, basi. Nikageuza, nikakohoa, macho yakatoka machozi, ya moshi. Zilipolia ndani yake punje, pa, pa, pa, kama bisi, nikazisikiliza zote mpaka zikanyamaza. Zilikuwa nyingi. Alisema kweli.

Yalipokuwa meusi yote nikayamwagia maji. Nikaligonga tuta langu upande ule uliolala, nikaliegemeza tofali likanyooka kiasi. Nikatifua, nikachanganya, nikasawazisha kwa kiganja.

Sitaki kusema kwamba wivu uliisha. Haukuisha. Nilipokuwa nakifungua kile kifundo kwa meno nilikuwa bado nafikiria anavyogonga msumari mara tatu.

Nikachora mistari minne kwa kidole. Nikadondosha mbegu, nikabakiza chache, nikazifunga tena. Nikafunika kwa udongo mwembamba, nikamwagia maji kwa kikombe, kidogo kidogo, zisihame. Kisha nikanawa mikono, nikasugua weusi kwenye kucha mpaka ukatoka, kabla Mama hajarudi.